Meneja wa timu alikuwa na miaka 20

Mpwa wangu anayeishi Houston alinitumia ujumbe wa sauti Julai 2025, nusu anacheka, nusu anasikitika. "Mjomba, huku sasa chuo kinamlipa mwanafunzi kucheza mpira. Mambo ya zamani yamekwisha." Alikuwa akizungumzia uamuzi wa Jaji Claudia Wilken wa tarehe 6 Juni, ulioidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Tangu tarehe 1 Julai chuo kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka, na waliocheza tangu 2016 wametengewa fidia ya karibu dola bilioni 2.8, italipwa kwa miaka 10. Kilio kilichofuata ni kilekile cha mpwa wangu, ila kwa maneno marefu zaidi: fedha zimeingia, usafi umetoka. Na kila anayelia hivyo akitakiwa kutaja huo usafi ulikuwa wapi, hachelewi kufika Sewanee, chuo kidogo cha Tennessee, kwenye msimu wake wa futiboli ya Kimarekani wa 1899.

Sewanee ni shahidi mbaya wa kesi hiyo. Timu ile ilipanda gari-moshi kwa sababu ya fedha, tena fedha za mlangoni, yaani viingilio. Kilichokuwepo mwaka ule, ambacho leo huwezi kukiona katika chuo chochote kikubwa cha Marekani, ni kitu kingine kabisa: aliyepanga ratiba, aliyepatana na wapinzani juu ya mgao na aliyeshika mkoba alikuwa mwanafunzi. Kwa mtazamo wangu, Wamarekani wanalilia kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, na kile walichokuwa nacho kikapotea, hawakilii.

Sewanee ni mji mdogo juu ya uwanda wa Cumberland, jimbo la Tennessee, na ndilo jina ambalo watu wengi hulitumia kukiita University of the South, chuo cha Kanisa la Episcopal kilichoanzishwa 1857. Mchezo wenyewe si soka, ni ule wa kubeba mkononi mpira wenye umbo la yai. Mwaka 1899 hata shabiki wake wa leo angeuona mgeni. Kurusha pasi mbele kulikuwa marufuku, kukaja kuruhusiwa 1906. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho kulileta pointi 5, na teke la nyongeza pointi 1. Timu ilipewa majaribio matatu kusogea yadi 5, kwa hiyo kazi ikawa kusukumana kifua kwa kifua na kulundikana juu ya mwenye mpira. Ukitolewa, umetoka, hakuna kurudi. Chini ya kocha Billy Suter, aliyetokea Princeton, na nahodha Henry Seibels, Sewanee ilicheza mara 12 ikashinda mara 12. Ilifunga pointi 322 ikafungwa 10. Hizo 10 zote ziliingia siku moja, tarehe 30 Novemba mjini Montgomery, dhidi ya Auburn ya kocha John Heisman, yule ambaye mchezaji bora wa vyuo hupewa tuzo yenye jina lake hadi leo. Sewanee ilipona kwa 11 dhidi ya 10.

Kinachosimuliwa zaidi, hata hivyo, ni siku sita za Novemba. Tarehe 9 waliichapa Texas 12-0 mjini Austin. Tarehe 10, Texas A&M 10-0, hapohapo Houston anakokaa mpwa wangu. Tarehe 11, Tulane 23-0 mjini New Orleans. Tarehe 12 ilikuwa Jumapili, na chuo cha kanisa hakichezi Jumapili. Tarehe 13, LSU 34-0 mjini Baton Rouge. Tarehe 14, Ole Miss 12-0 mjini Memphis. Wachezaji 21, mechi tano, nyavu safi tungesema sisi wa soka, na safari ya karibu maili 2,500, yaani kilomita 4,000 hivi. Ni kama mtu atoke Dar es Salaam kwa reli mpaka Kigoma, arudi, aende tena, na bado awe na safari mbele. Walipakia mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao mlimani, wasije wakaharibiwa matumbo na maji ya ugenini. Shabiki wa Simba au Yanga, aliyezoea kusikia timu yake imesafiri na mpishi wake, halishangai pipa hilo. Inasimuliwa pia kwamba viatu vya kuchezea vilisahauliwa stesheni, meneja akahangaika na simu za maandishi mpaka vikaletwa kwa gari-moshi jingine.

Meneja huyo aliitwa Luke Lea. Alizaliwa Aprili 1879, kwa hiyo siku zile alikuwa na miaka 20, mwanafunzi kama wenzake waliokuwa wamelala kwenye viti vya behewa. Na sababu iliyompeleka Texas haikuwa kutafuta sifa. Sewanee na Vanderbilt ya Nashville, wapinzani wa jadi, walikuwa wamegombana juu ya mgawanyo wa mapato ya mlangoni. Mechi yao haikuchezwa mwaka ule. Kwa timu iliyokaa juu ya mlima, mbali na mji wenye watu wa kukata tiketi, hilo lilikuwa shimo katika hesabu za msimu mzima. Klabu zetu zimevutana sana juu ya viingilio, kwa hiyo sina haja ya kueleza ugomvi wa aina hiyo unavyokuwa. Lea alilifukia shimo kwa kusafiri. Nauli ya kwenda mbali inauma vilevile ukicheza mechi moja au tano, na kila siku ya kupumzika ni siku ya kulisha na kulaza watu 21 bila kuuza tiketi hata moja. Ndivyo ninavyoisoma ratiba ile mimi: imebanwa kwa sababu ya gharama. Ushujaa ulikuwepo, tena mwingi, lakini ulikuwa wa wale waliotakiwa kuilipa hesabu hiyo kwa mbavu zao.

Sasa hoja ya usafi, ambayo naiona dhaifu kuliko zote. Wanaoitetea husema zamani mwanafunzi alicheza kwa mapenzi, na biashara ikaja baadaye kupitia televisheni. Mashindano ya kwanza kabisa kati ya vyuo vya Marekani yalikuwa ya makasia, Harvard na Yale, katika ziwa Winnipesaukee, Agosti 1852. Gharama zake zilibebwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria wa kwenda ziwani. Yaani mdhamini alitangulia kuliko mpira wenyewe, maana mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza, Rutgers na Princeton, ilichezwa 1869. Ukitaka mfano mtamu zaidi, mchukue James Hogan, nahodha wa Yale mwaka 1904. Hogan alikula na kulala bure chuoni, akapelekwa kutembea Kuba, na juu ya hayo akawa na kamisheni ya sigara za American Tobacco Company zilizouzwa New Haven. Leo mchezaji akiuza jina lake kwa kampuni kwa dola 600 au zaidi, anatakiwa kuupeleka mkataba ukakaguliwe. Mpaka 2021 angefungiwa kabisa. Hogan alivuta kamisheni yake miaka 117 kabla ya ruhusa hiyo, na Yale haikuanguka.

Kwa hiyo fedha tuziweke kando, zilikuwepo. Kinachonivutia ni mpini ulikuwa mkononi mwa nani. Sheria za mwanzo za mchezo huu zilitungwa na wanafunzi. Mwaka 1876 wajumbe wa Harvard, Yale, Princeton na Columbia walikutana katika hoteli ya Massasoit House mjini Springfield, Massachusetts, wakakubaliana jinsi ya kucheza, na wajumbe hao walikuwa vijana wa darasani. Manahodha walichagua kikosi na mara nyingi ndio waliofundisha. Kocha alipoanza kuajiriwa, aliajiriwa na chama cha wanafunzi au cha wanafunzi wa zamani. Mkuu wa chuo, akiingilia, aliingilia kama mzazi mkali. Andrew White wa Cornell anakumbukwa kwa kuwakatalia vijana 30 wasisafiri maili 400 kwenda kucheza na Michigan mwaka 1873. Lea hakuwa kituko, basi. Alikuwa mwanafunzi aliyefanya kazi ambayo wakati ule ilikuwa ya wanafunzi.

Hapa kuna pingamizi zito, na mtu akinitupia silitupi pembeni. Utawala wa wanafunzi uliua. Msimu wa 1905 ulihesabiwa vifo takriban 18 vya wachezaji wa ngazi mbalimbali, wengi wao watoto wa shule za sekondari, na tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt alikuwa amekwisha kuwaita Ikulu wakuu wa mchezo wa Harvard, Yale na Princeton kuwaonya juu ya rafu. Mwaka uliofuata kikaundwa chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, na pasi ya mbele ikaruhusiwa ili kuwatawanya watu uwanjani. Mwenye kuitetea hatua hiyo anaweza kuninyooshea kidole palepale Sewanee: ni mtu mzima gani mwenye akili angewachezesha watu 21 mechi tano katika siku sita? Sina jibu la kumtetea Lea. Kijana wa miaka 20 aliyeona pengo kwenye daftari aliliziba kwa miili ya rafiki zake, na ilikuwa bahati waliporudi mlimani wakiwa wazima. Kuna na jingine linalosahaulika watu wakizikumbuka enzi hizo. Wanafunzi waliokuwa na mpini walikuwa vijana wa kiume wa Kizungu, wengi wa koo zenye nafasi. Chuo chenyewe cha Sewanee kilianzishwa na maaskofu wa Kusini ya watumwa, mmoja wao Leonidas Polk, aliyekufa 1864 akiwa jenerali wa jeshi la waasi wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kijana Mweusi hakuwa na nafasi uwanjani, sembuse kwenye daftari.

Ila pingamizi hilo linathibitisha jambo moja tu, kwamba palihitajika mtu wa kulinda maisha. Halithibitishi kwamba alinzaye maisha lazima achukue na mkoba. Vyuo vilichukua vyote viwili kwa mkupuo mmoja, na mkoba ndio uliokua. Harvard, ambayo rais wake Charles Eliot aliuchukia mchezo huu waziwazi, ilikuwa imekwisha kuwa na uwanja wa zege tangu 1903, na 1905 kocha wake Bill Reid alikuwa akilipwa dola 7,000, kuliko profesa yeyote wa chuo hicho. Baada ya mageuzi viwanja vikazidi kupanuka, Yale ikajenga wake 1914, na maneno ya ridhaa, ya mwanafunzi asiyegusa fedha, yakazidi kukazwa. Mimi naona mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba fedha zinamchafua, hawezi tena kuuliza ziko wapi.

Anayetaka kuona hali hiyo bila pazia asiende Sewanee, aende Carlisle, Pennsylvania. Ilikuwa shule ya serikali ya vijana wa Wahindi Wekundu, iliyojengwa juu ya nia ya kuwafuta lugha na asili yao, na timu yake chini ya kocha Pop Warner, yenye Jim Thorpe, ilizifunga Harvard na nyinginezo kubwa huku ikizunguka nchi nzima. Karibu haikuchezea nyumbani. Mlango ulikuwa kwenye miji mikubwa. Fedha za mlangoni ziliingia kwenye mfuko wa michezo ulioshikwa na wakubwa wa shule na kocha. Kisha, mwaka 1914, Gus Welch, aliyekuwa mchezesha timu, akashiriki kuzungusha malalamiko yaliyotiwa saini na wanafunzi zaidi ya 200, wabunge wakaja kukagua, na vitabu vya mfuko ule vikafunuliwa. Warner akaondoka kwenda Pittsburgh. Carlisle na Sewanee zilisafiri kwa sababu ileile, kwenye reli zilezile, zikauza tiketi kwa watu walewale. Tofauti ni kwamba Sewanee aliyehesabu tiketi alikuwa mwenzao.

Nikiyatazama makubaliano ya 2025 kwa jicho hilo, sioni mapinduzi yanayosherehekewa wala msiba unaoliliwa. Wanaosherehekea wana haki kwa kiasi chao: mchezaji anayejaza uwanja wa watu 100,000 kwa malipo ya ada na chumba alikuwa anadhulumiwa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuashiria hivyo 2021 kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya NCAA dhidi ya Alston. Lakini kiwango cha dola milioni 20.5 kimetokana na asilimia 22 ya wastani wa mapato fulani ya vyuo vya ligi kubwa. Wachezaji wa ligi ya kulipwa, NFL, wanapata karibu nusu, na wamepata hiyo nusu kwa chama chao kukaa mezani na wenye timu. Vyuoni hakuna chama kilichokaa. Mawakili wa wachezaji walikuwepo, ndiyo, na walishinda kikubwa, lakini baada ya saini mkaguzi wa mikataba ni tume iliyoundwa na ligi zenyewe. Mchezaji amepewa fungu na hana kura juu ya ukubwa wa sinia. Wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walijaribu kuipata hiyo kura. Machi 2024 walipiga kura 13 kwa 2 kuanzisha chama cha wafanyakazi, chuo kikawakatalia kujadiliana, na mwisho wa mwaka ombi lao likaondolewa.

Wanaohofia vyuo vidogo nawasikiliza zaidi, maana Sewanee yenyewe ni kaburi lao. Mwaka 1932 ilikuwa miongoni mwa vyuo 13 vilivyoanzisha Southeastern Conference, SEC, ambayo leo ni ligi tajiri mno. Mwishoni mwa 1935 SEC ikaruhusu waziwazi vyuo kumlipia mchezaji masomo kwa sababu ya mpira. Sewanee ilikuwa inafungwa hata kabla ya hapo, na chini ya mkuu wake Alexander Guerry ikakataa kuingia kwenye mbio hizo. Ikajitoa mwaka 1940. Rekodi yake ndani ya SEC: mechi 37, ushindi sifuri. Timu iliyozifunga Texas, LSU na Georgia katika msimu mmoja haikuweza kuifunga hata moja ya ligi yake katika miaka minane. Kwa hiyo ndiyo, malipo halali huwasukuma wadogo nje, na makubaliano ya 2025 yatawasukuma wengine. Timu za kuogelea na tenisi zitakatwa kabla ya mtu kugusa bajeti ya futiboli, na wanamichezo wanawake walikwisha kukata rufaa juu ya mgawanyo wa fidia wakitumia sheria ya usawa wa kijinsia ya 1972. Lakini angalieni nani alikata shauri Sewanee ijitoe. Alikuwa mkuu wa chuo, na huenda alikuwa sahihi. Wakati huo haikuwepo tena ofisi ya Luke Lea ya kuulizwa.

Safari nazo zimerudi. Tangu 2024 Stanford, iliyoko California, inacheza katika ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki, na timu yake ya voliboli au soka ikienda Boston inavuka bara zima katikati ya wiki ya masomo, zaidi ya maili 2,500 kwa upande mmoja. Sababu ni haki za televisheni, ambazo ndizo mlango wa siku hizi. Ndege ni nyepesi kuliko behewa la 1899, na hakuna anayebeba pipa la maji. Hata hivyo, vijana wa Sewanee walipouliza kwa nini wanacheza kesho tena, mwenye jibu alikuwa amekaa nao kwenye behewa, analala wanapolala. Binti wa Stanford anayefanya mtihani hotelini hana wa kumuuliza.

Lea mwenyewe hakuwa malaika. Alikuja kuwa mwenye gazeti, seneta wa Tennessee, mtu aliyejaribu kumteka Kaiser wa Ujerumani aliyejificha Uholanzi Januari 1919, na hatimaye mfungwa kwa kesi ya benki. Lakini Julai 2025 Bunge la Marekani lililetewa mswada uitwao SCORE, ambao ungewakinga wasimamizi wa michezo ya vyuo dhidi ya kesi za kuzuia ushindani na kumzuia mchezaji asihesabiwe kuwa mwajiriwa, na nikiusoma namfikiria yeye akiwa na miaka 20, na daftari lake. Naamini vifungu vya maadili ya ridhaa angevirukaruka mpaka akifikie kile kilichowagombanisha na Vanderbilt: mgao wetu ni kiasi gani, na nani anahesabu tiketi?